Mnyama wa Nne

Mimi naiga watu. Shuleni kwetu hapa Guangzhou hicho ndicho kilichoniokoa, maana msichana mweusi mmoja katikati ya wanafunzi hamsini wa Kichina ana mambo mawili tu ya kuchagua: achekwe au achekeshe. Niliingia darasa lile nikiwa na miaka kumi na mmoja, na Kichina changu kilikuwa cha kununulia maji ya chupa tu. Mwezi haujaisha, nikawa najua kutembea kama mwalimu wa hesabu, ambaye mguu wake mmoja ni mfupi, na kupenga kamasi kama mwalimu mkuu. Wakaanza kuniletea peremende. Nikaiga wazazi wao walipokuja kikao, wakaniletea nyingi zaidi. Hakuna aliyewahi kuniiga mimi.

Baba alipopata kiharusi nilikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa mfanyabiashara wa jinzi. Alinunua kule Xintang kwenye viwanda, akajaza kontena, akalituma Dar es Salaam, na Mama akauza Kariakoo. Mimi niliishi naye huku kwa ajili ya shule, wadogo zangu wawili wakabaki na Mama. Alianguka bafuni asubuhi moja, mswaki mdomoni. Nilimkuta ameegemea ukuta, povu la dawa ya meno limemjaa kidevuni, jicho moja limelegea. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba ananiigizia mbwa kichaa. Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, umepatia!" Halafu nikaona mkojo.

Alilala hospitali wiki tatu. Mama akaja, akakaa mwezi mmoja, akalia mwezi mmoja, akarudi kwa sababu duka halijifungui lenyewe. Mguu wa kulia ulirudi, ingawa unaburuta. Uso ulirudi karibu wote. Mkono wa kulia haukurudi. Bega lilinyanyuka kidogo, kiwiko kikapinda kidogo, lakini vidole vilibaki vimejikunja nusu, kama mtu aliyeshika glasi ambayo haipo. Niliiga mkono ule mbele ya kioo siku ileile alipotoka hospitali. Ulikuwa rahisi.

Basi Baba akawa anakula kwa mkono wa kushoto. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo hufanyika chooni. Baba hakuwahi hata kumpa mtu kalamu kwa mkono huo. Sasa akawa anaingia chumbani na sahani, anafunga mlango, anakula ameelekea ukutani. Ijumaa wenzake wa Dar na Zanzibar walipopika pilau kwenye nyumba ya mmoja wao na kukaa chini kuzunguka sinia moja, yeye alikaa kwenye kochi na kusema ameshiba. Walijua hajashiba. Walisema, "Haya Mzee, tutakuwekea." Wakamwekea kwenye kontena la plastiki, kama mtoto wa jirani.

"Nikikaa kwenye sinia Idi hii nikala kwa mkono wangu, nimepona," aliniambia. Hakutaja biashara, hakutaja mguu. Alitaka kupeleka tonge mdomoni kwa mkono wa kulia mbele ya watu, basi.

Aliyemwokota alikuwa bibi wa ghorofa ya pili, jirani yetu, mkata vitambaa mstaafu, mwembamba kama rula, mwenye sauti ya kufukuza mbwa. Alikutana na sisi kwenye ngazi, akamshika Baba kiganja bila kuomba ruhusa, akakigeuzageuza kama anakagua samaki.

"Huyu anaoza," akaniambia kwa Kichina. "Kesho saa kumi na mbili na nusu, bustanini. Na wewe uje, uwe mdomo wake."

Nilihitajika kwa sababu Kichina cha Baba kilikuwa cha sokoni: tarakimu, "ghali sana", "hakuna", na "laoban", ambalo ni neno la kumwita kila mtu bosi hadi muuza vitumbua. Kwa Kichina hicho unaweza kununua suruali elfu, lakini huwezi kuambiwa uzungushe nyonga.

Bustani yenyewe iko nyuma ya soko la vitambaa. Tulipita pembeni ya Kangle, mtaa wa mafundi wa kushona, baiskeli za magurudumu matatu zikitupigia kengele na majora marefu ya vitambaa yakitokeza nyuma, na Baba akiburuta mguu huku akijaribu kusoma rangi. Ndani, misufi ilikuwa imechanua maua mekundu na mabibi wanaokota maua yaliyoanguka ili wakapikie supu. Na chini ya misufi hiyo, watu wazima, wenye wajukuu, walikuwa wanajifanya wanyama.

Wanyama ni watano na wanakwenda kwa mpango: chui milia, kulungu, dubu, nyani, korongo. Ni mazoezi ya zamani mno, ya waganga wa kale, na kila mnyama anashughulikia kitu chake mwilini. Chui ini, kulungu figo, dubu bandama, nyani moyo, korongo mapafu. Hata mikono ni tofauti. Chui unakunja vidole kama kucha. Kulungu unanyoosha vitatu na kukunja viwili, inakuwa pembe. Dubu ni ngumi yenye tundu katikati. Mimi niliyapenda mara moja. Fikiria, nchi nzima imekaa ikaamua kwamba kuiga ni dawa, halafu shuleni mimi napewa adhabu kwa jambo hilohilo!

Siku ya kwanza Baba alisita.

"Muulize, hii si ibada? Wasije wakanisujudisha kwa sanamu."

Nikauliza. Bibi akasema, "Mwambie dubu hana dini."

Baba akacheka upande mmoja, akaingia mstarini.

Kundi la bibi lilikuwa la mtindo mpya, ule uliopangwa na wakubwa wa serikali ukatolewa kwenye kaseti. Kila mnyama ana miondoko miwili, muziki wa filimbi, na sauti ya mwanamume inayokwambia lini uvute pumzi, laini kama mtu anayetaka kukukopa. Watu ishirini wanainua kucha pamoja, wanashusha pamoja. Kando ya bwawa kulikuwa na wazee wa mtindo wa kale, na hao hawakutaka kaseti. Chui wao alikuwa wa miguu minne chini kwenye sakafu, anaruka mbele mara tatu, nyuma mara mbili, ananguruma. Dubu wao analala chali, anakumbatia magoti, anabingirika. Nilimwona mmoja akibingirika hadi ukingoni mwa bwawa, wenzake wakamvuta kwa kaptula, kaptula ikaja, mzee akabaki. Nililiigiza tukio hilo mwaka mzima. Na nyuma ya vyoo kulikuwa na wale wa mtindo wa tatu, ambao hawafanyi chochote. Wanasimama, wanafumba macho, wanangoja mnyama aje mwenyewe. Kuna mama mmoja alijiwa na kulungu kila siku saa moja kasorobo, akatimka katikati ya watu akigonga mabega. Kuna bwana mmoja wa ofisini, mwenye tai, hakuwahi kujiwa na kitu. Alisimama miezi na miezi, akafumbua macho, akatazama saa, akaenda kazini.

Makundi hayo yalichukiana kama wake wenza. Wa bwawani waliwaita wa kaseti "maiti wanaonyoosha viungo". Wa kaseti waliwaita wa bwawani "mbuga ya wanyama". Wa vyooni hawakumwita mtu chochote kwa sababu walikuwa wamefumba macho.

Wiki mbili za kwanza Baba alifanya chui, kulungu na dubu, na nilifasiri vizuri, nasema kweli. "Anasema usikaze shingo." "Anasema dubu uzito wake uko tumboni, si mabegani." Baba alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Alitokwa na jasho, akaunyanyua mkono ule uliokufa kwa kuushika na ule ulio hai, akaulaza mahali kucha zinapotakiwa. Wiki ya tatu bibi alizima kaseti, akaja akasimama mbele yake.

"Sasa nyani," akasema. "Yeye nyani ndiye dawa yake. Mwambie aangalie vidole."

Akakunja kiganja chake chini, akakusanya ncha za vidole vyote vitano zikagusana mara moja, kwa kasi, kama mtu anayenyakua punje ya wali. Akafungua. Akakusanya. Kisha akapandisha mikono miwili hadi kifuani, akanyanyua mabega hadi masikioni, akasimama kwa ncha za miguu, akageuza shingo kushoto ghafla na kukodoa macho. Kisha akachungulia, akanyoosha mkono juu, akachuma tunda ambalo halipo, akalitazama kiganjani kwa upendo. Alikuwa nyani hasa. Niliona wivu.

"Vidole vyake vinalala kwa sababu havina kazi ya haraka," akasema. "Chui ni wa nguvu, dubu ni wa uzito. Nyani peke yake anakusanya vidole. Mara mia asubuhi, mara mia jioni. Avikusanye kwa mkono mwingine kama havitaki. Viwili vitakutana, halafu vitatu. Lakini aanze sasa, wakati bado havijakakamaa. Mwambie."

Nilikuwa nafungua mdomo. Ndipo mzee mmoja wa mstari wa nyuma, mwenye fulana nyeupe na tumbo la kutosha watu wawili, akasema kwa sauti:

"Huyu? Nyani? Huyu hahitaji mwalimu!"

Mstari wote ukacheka. Hawakucheka vibaya sana, kusema kweli. Walicheka kama watu wanaocheka mtu akiteleza. Mama mmoja akatoa simu yake ya kukunja, yenye kamera, akaishika tayari. Bibi akamtupia mzee wa tumbo feni yake ya karatasi ikampata kichwani, na wakacheka zaidi. Na Baba, katikati yao, mweusi peke yake, mkono unaning'inia, akawa anacheka nao kwa adabu.

"Wanasema nini?" akaniuliza.

"Wanasema chui wako ni mkali, Baba."

"Waambie ahsante." Akawainamia kichwa. "Na mwalimu je?"

Hapo ndipo. Sikufikiria kwa muda mrefu, nisijipake uzuri wa kuonekana niliteseka. Niliona tu Baba amenyanyua mabega hadi masikioni, amekodoa macho, anachuma ndizi hewani, na simu inampiga picha, na picha inafika darasani kwetu. Miaka mitatu nilikuwa nimelipa kwa vichekesho ili neno hilo lisitamkwe mbele yangu. Sasa Baba mwenyewe aje alitamke kwa vitendo, bure?

"Anasema anayefuata ni nyani," nikamwambia Baba, "lakini wewe usimfanye. Anapandisha presha. Kwa watu wa kiharusi ni hatari. Ukifika nyani, kaa ukapumzike, urudi kwa korongo."

"Sawa," akasema Baba. "Presha siitaki tena."

Akaenda kukaa. Bibi akanitazama.

"Mbona anakaa?"

"Dini," nikasema. "Sisi Waislamu nyani ni haramu. Hatuwezi kumwiga."

Bibi alikumbuka lile swali la ibada la siku ya kwanza, nikaona uso wake unakumbuka. Alijua hatuli nguruwe, alikuwa amewahi kutuletea maandazi ya mvuke akaapa mara tatu kwamba ndani ni kabichi. Kwake nyani akaingia kwenye orodha ileile.

"Nyani pia?" akasema. "Ah. Hasara kubwa." Akawasha kaseti.

Ikawa hivyo miezi mitano. Chui, kulungu, dubu, halafu Baba anakwenda kukaa kwenye benchi la zege, anawatazama watu ishirini wakikusanya vidole mbele yake. Siku nyingine aliniuliza, "Huyu nyani mbona anafanya kazi ya mkono sana?" Nikamwambia, "Ndiyo maana anapandisha presha." Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini kama mtu anavyoamini dawa, bila kusoma karatasi ya ndani.

Nyumbani nilikuwa nafanya biashara yangu. Wenzake Baba walikuja jioni kumjulia hali, na aliyekuja zaidi ni Anko mmoja wa Zanzibar, kijana, anayenunua midoli mtaa wa Yide Lu na kucheka kabla hujamaliza kusema. Baba akiingia chumbani kuswali, Anko ananong'ona:

"Hebu nifanyie Mzee. Mzee akiwa chui."

"Anko, dhambi."

"Dhambi nitabeba mimi, nina kontena zima, nafasi ipo. Fanya!"

Nafanya. Naunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nauweka hewani, unaanguka, nauokota tena. Naburuta mguu. Naguna kwa upande mmoja wa mdomo: "Mimi chui." Anko alikuwa anauma mto ili asisikike. Siku moja akaacha kuuma mto, akatazama nyuma yangu, uso ukamshuka. Nikageuka. Baba yuko mlangoni, kofia kichwani, sijui tangu lini.

"Kiwiko umekosea," akasema. "Changu hakifiki juu hivyo. Shusha."

Akaningoja. Ilibidi nishushe kiwiko.

"Hapo," akasema, akarudi chumbani.

Ramadhani ikaingia, ikaenda. Baba alifunga ingawa daktari alimkataza. Idi tukaenda kwenye ile nyumba ya wenzake. Wanaume ukumbini, wanawake na watoto chumbani, mlango wazi. Sinia la pilau likawekwa, mbuzi juu, kachumbari pembeni, na Baba, kanzu nyeupe, akashuka chini polepole akisaidiwa kiuno, akakaa kwenye duara. Watu wakafurahi. "Mzee karudi! Mzee wetu huyo!"

Akanawa mikono yote miwili. Akausukuma wa kulia kwa wa kushoto hadi kwenye wali, akaanza kuukandamiza ili uchote. Vidole vile vilivyojikunja nusu vikaingia kwenye pilau kama uma uliopinda. Akaunyanyua. Punje zikamwagika kwenye kanzu. Akarudia. Safari hii mkono ulifika kidevuni, ukaacha mafuta kidevuni. Wanaume kumi, watu wa kubishana bei hadi mtu analia, karibu wote wakawa wanatazama dari, taa, simu. Akarudia mara ya tatu. Ndipo Anko, Anko wangu huyohuyo, kwa huruma, akafinyanga tonge zuri la mviringo, akamwekea Baba mdomoni.

Baba alilipokea. Alitafuna, akameza, akasema alhamdulillahi. Kisha akaomba ainuliwe, akaenda kunawa. Bomba lilikuwa wazi muda mrefu. Nami nilikuwa chumbani na mfupa wa mbuzi mkononi, nikila kwa vidole vitano vinavyokutana bila kuombwa.

Kwenye Idi ileile alikuwepo mwanafunzi mmoja wa udaktari, Mzanzibari, wa ufadhili, mwaka wa nne, Kichina chake kizuri kuliko changu. Hakutazama dari. Baada ya chakula akaenda kukaa karibu na Baba.

"Shikamoo, Mzee. Vidole hivi unavifanyisha mazoezi gani?"

"Marahaba. Vidole? Hapana. Vya vidole nimekatazwa, presha."

"Nani kakukataza?"

"Mwalimu wa bustanini."

Mwanafunzi akakunja uso. "Nitakuja nimwone. Ni bustani ipi?"

Nikadakia mimi kutoka mlangoni, nikamtajia bustani iliyo upande mwingine wa mto. Nilimwelekeza vizuri, hadi namba ya basi.

Alikuja bustani ya kweli, asubuhi ya tatu. Kumbe alimwuliza Anko. Tulikuwa tumemaliza dubu, Baba anaelekea kwenye benchi lake, na yule bibi alipoona kijana mwenye kofia ya Kiislamu anayeongea Kichina hakungoja hata salamu.

"Wewe umesoma, nieleze," akamwambia. "Nguruwe naelewa, ni mchafu. Nyani kawakosea nini?"

"Nyani? Hatumli. Lakini nani anamla?"

"Si kumla! Kumwiga. Mkono wa huyu bwana ungekuwa umepona nusu. Miezi mitano namtazama anakwenda kukaa, moyo unaniuma, lakini dini ni dini."

"Nani amekwambia ni haramu?"

Bibi hakutaja mtu. Alinyoosha feni. Ilinielekea mimi, katikati ya kifua cha sare yangu ya shule.

"Wanasema nini?" akauliza Baba. Alikuwa ameshaanza kukaa, akasimama tena.

Mwanafunzi akamweleza. Alimweleza yote, neno kwa neno, Kiswahili kilichonyooka, la presha na la haramu, na dawa ya nyani ni ipi, na kwamba ilitakiwa ianze mapema. Mara ya kwanza tangu augue, Baba alikuwa anapata maneno yake bila kupitia kwangu. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama mtu anayepimwa homa. Bibi akaja akamshika ule mkono, akajaribu kumkusanyia vidole. Kidole gumba na cha shahada vilisogeleana. Vile vitatu havikusogea. Alivisukuma, Baba akakunja uso, akaviacha.

"Kwa nini?" Baba akaniuliza.

"Wangekucheka."

"Nani?"

"Wote hawa. Yule mzee alishasema. Walitaka kukupiga picha."

Baba akawatazama, mmoja mmoja, hadi mzee wa tumbo, ambaye alikuwa anakula kitumbua chake bila wasiwasi.

"Hawa sijawahi kuwasikia wakinicheka," akasema. "Wewe nimekusikia. Nyumbani kwangu."

Nikavuta mkanda wa begi la shule begani.

"Haya. Nifundishe huyo mnyama."

"Mwalimu si huyo hapo, Baba."

"Nimesema wewe."

Nilimtazama bibi aniokoe. Akawasha kaseti.

Nikakunja viganja. Nikakusanya vidole. Nikapandisha mikono kifuani, mabega masikioni, nikasimama kwa ncha za viatu, nikageuza shingo nikakodoa macho. Mstari ulikuwa umeacha mazoezi. Mzee wa tumbo akapiga makofi, kitumbua mdomoni: "Na huyu hahitaji mwalimu!" Simu ya kukunja ikafunguliwa. Na getini, wakinunua maandazi ya mvuke, walikuwepo wasichana wawili wa darasa langu, na mmoja aliniletea peremende miaka mitatu. Nikachuma tunda. Nikalitazama kiganjani kwa upendo.

"Tena," akasema Baba.

Nikafanya tena.

"Mabega hujayapandisha. Tena."

Alinihesabia nane. Hakucheka hata moja, wala hakukasirika. Alitazama vidole vyangu tu, namna vinavyofunga na kufunguka, kwa jicho lile alilokuwa akikagulia mshono wa suruali. Nilipomaliza akamgeukia mwanafunzi.

"Wewe kijana, asubuhi una nafasi? Nataka mtu wa kunifasiria."

"Ipo, Mzee. Hata kila siku."

"Basi huyu awahi shule."

Siku ileile, kipindi cha kwanza, nilipofungua mlango wa darasa, wanafunzi hamsini walikuwa wamekunja viganja. Waliniiga vizuri, hasa mabega. Mwalimu wa hesabu alisimama mlangoni na mguu wake mfupi, akatazama mpaka walipomaliza ndipo akaingia.

Mwaka na nusu sasa Baba anakwenda bustanini na yule mwanafunzi. Nawasikia wakishuka ngazi, wanacheka kitu. Nyani wake anamfanya mara mia asubuhi na mara mia jioni, jioni anafanya chumbani, mlango umefungwa. Bado anakula humo. Ijumaa wenzake wakiita, anasema ameshiba. Idi iliyofuata hakwenda kabisa, alisema mguu unamsumbua. Kwangu anasema "umekula?" na "zima taa", na mimi namjibu. Nyumba yetu ni ndogo, maneno hayo yanatosha.

Wiki iliyopita nilimvizia mwanafunzi chini ya ngazi.

"Shikamoo. Bibi anasemaje kuhusu vile vitatu? Vitarudi?"

Akatazama viatu vyake. Ni mtu mwema, haijui kabisa sanaa ya kudanganya.

"Mzee amesema wewe nisikwambie," akasema.

"Mimi ni mwanawe."

"Ndivyo alivyosema. Alisema, 'hasa mwanangu usimwambie.'"

Ningeweza kwenda kumwuliza bibi mwenyewe, anakaa ghorofa ya pili, ngazi kumi na nane, na Kichina ninacho. Nimefika mlangoni kwake mara tatu. Ndani kaseti inalia, ile sauti laini inawaambia watu lini wavute pumzi, nami nasimama pale mpaka inafika kwa nyani, kisha napanda zangu juu.